Mrejesho: Demio ngumu kuwaka asubuhi, altaneta haikuwa na kosa

Wakuu, naleta mrejesho wa ile gari yangu, Mazda Demio, ya hapa Moshi: asubuhi iliwaka kwa shida, na mfumo wa kuzima injini kwenye foleni uligoma. Asanteni sana, hasa mliosisitiza nipime kabla ya kununua altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka). Baada ya kulala usiku kucha betri ilisoma volti 12.1, yaani chaji ndogo; injini ikiwaka, 14.3, yaani inachajiwa vizuri. Altaneta nzima kabisa! Kichwa cha hasi cha betri kilijaa kutu ya kijani, tukakisugua hadi kikang'aa. Betri ya zamani nimeibadilisha, nimefunga ya EFB (iliyoimarishwa kwa magari yenye mfumo huo wa kuzima injini), maana ya kawaida haihimili injini kuzimwa na kuwashwa mara kwa mara. Sasa inawaka mara moja. Ila taa ya njano ya mfumo huo kwenye dashibodi bado inamweka, mfumo haujarudi; fundi anasema kompyuta ya gari haijatambulishwa betri mpya. Mashine ya kufanya hivyo naifuata Arusha.