Kyle Dubas na Toronto: alionewa au alijitakia?

Mwinyi_Scarborough: Wakuu, leo kazini watu wamekaribia kushikana mashati kwa ajili ya Kyle Dubas, yule aliyekuwa meneja mkuu wa Maple Leafs, timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Toronto. Alikabidhiwa timu Mei 2018 akiwa na miaka 32. Akatimuliwa Mei 2023, hata wiki tatu hazijatimia tangu timu imtoe Tampa na kuvuka raundi ya kwanza ya mtoano, kitu ambacho hatukukiona tangu 2004. Mimi nasema alionewa.

Chuma_Chakavu: Kuonewa wapi mkuu? Matthews, Tavares, Marner na Nylander, wachezaji wanne, walikuwa wanakula dola milioni 40 na ushee kwa mwaka, na ukomo wa mishahara ya timu nzima ulikuwa milioni 81 na nusu. Nusu ya sufuria kawapakulia wanne, wenzao karibu ishirini wanagombea ukoko. Na ndiye aliyefungwa na dereva wa gari la kulainisha barafu.

Binti_Pangani: "Dereva" tena! David Ayres hakumfunga mtu, alikuwa kipa. Februari 2020 makipa wote wawili wa Carolina, wapinzani wetu, waliumia mechi moja, akaitwa yeye, kipa wa dharura, miaka 42. Ongeeni mnachokijua.

Chuma_Chakavu: Sita kwa tatu, tukiwa nyumbani. Tofauti iko wapi dada?

Binti_Pangani: Iko kwenye Kiswahili, kaka.

Mzee_wa_Theluji: Ile niliitazama kwa shemeji, chumba cha chini, sahani ya pilau mapajani. Mashuti mawili ya kwanza kwa Ayres yote yaliingia, tukapeana mikono kabisa. Baada ya hapo akadaka yote nane. Shemeji alizima TV kabla ya king'ora cha mwisho, na pilau haikuliwa. Kibaya zaidi, yule bwana alikuwa akifanya mazoezi na Leafs hawahawa!

Mpemba_Ugenini: Mnacheka ya Ayres, la Kadri mmelifukia. Julai 2019 Dubas kampeleka mchezaji wetu Nazem Kadri timu ya Colorado, akaletewa wachezaji Barrie na Kerfoot. Barrie msimu mmoja tu, kwaheri. 2022 Kadri anarudi fainali kidole gumba kimetoka kufanyiwa upasuaji, anafunga bao la muda wa nyongeza, anabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa, na analipeleka msikitini London.

Mwinyi_Scarborough: Kaka, Kadri alifungiwa katikati ya mtoano 2018 na tena 2019, mara zote dhidi ya Boston. Ungekuwa wewe ungemvumilia?

Mpemba_Ugenini: Colorado walimvumilia. Au ningemtetea mwingine usingesema hivyo?

Mwinyi_Scarborough: Usinitie maneno mdomoni. Mimi mwenyewe nafunga Ramadhani kama wewe.

Dogo_wa_Ilala: Samahani wakubwa, London ipi? Ya Uingereza?

Mpemba_Ugenini: Ya Ontario, alikozaliwa. Kaa usome, dogo.

Chuma_Chakavu: Turudi kwa mtu wenu. Si alisimama mbele ya waandishi akasema familia imechoka, itakuwa Toronto au mapumziko, kwingine haendi? Siku nne baadaye Shanahan, aliyekuwa rais wa timu, akamwonesha mlango. Juni 1 yuko timu ya Pittsburgh, tena rais wa shughuli zote za hoki. Mapumziko gani ya wiki mbili?

Binti_Pangani: Kusema umechoka si kuacha kazi. Mimi nilimwambia msimamizi wangu zamu za usiku zinaniua, naomba za mchana. Wiki iliyofuata ratiba imebandikwa, jina langu halipo kabisa. Nikapata kwingine, nikaenda. Nilitakiwa nikae kwanza nilie ndipo mniamini?

Chuma_Chakavu: Dada, tunamjadili Dubas au wewe?

Binti_Pangani: Tunawajadili watu kama wewe, ambao mkiombwa mapumziko mnasikia barua ya kuacha kazi.

Mwinyi_Scarborough: Wakuu, swali langu jamani…

Mzee_wa_Theluji: Nimemsomea shemeji haya yote. Anauliza kama mnajua gongo alilochezea Ayres liliishia wapi. Lilichukuliwa na jumba la kumbukumbu la hoki, na jumba lenyewe liko hapahapa Toronto, katikati ya mji.

Chuma_Chakavu: Kwa hiyo kombe hatuna tangu 1967, ila gongo la dereva tunalo.

Binti_Pangani: La kipa.