Tundu moja la chaja kwa wote: tulazimishwe au kila kampuni ijiamulie?

Mleta mada: Wadau, Ulaya walishakata shauri. Tangu 28 Desemba 2024, simu, tableti na spika za kubeba zinazouzwa kule lazima zichajiwe kwa Type-C. Apple walipinga, wakidai sheria itadumaza ubunifu, lakini iPhone 15 ya 2023 ikatoka nayo.

Naunga mkono. Kumbukeni vitako vya kuchomekea iPod (kile kichezea muziki cha Apple) kwenye magari, ile pini pana ya 2003 yenye njia 30. Ilipokuja iPhone 3G mwaka 2008, watu waliichomeka, muziki ukapiga vizuri, ila chaji haiingii! Vitako vingi vilikuwa vikipeleka volti 12 kwa njia za FireWire (mfumo wa waya wa zamani), na simu ile haikuzipokea tena. Umbo lile lile, ndani wamehama. Mwaka 2012 ikaja Lightning, pini mpya ndogo ya Apple, vitako vyote vikawa pambo mpaka ununue adapta ya dola 29.

Mchangiaji: Mkuu, umeruka 2009. Kampuni zilikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia micro-USB, ile pini ndogo inayoingia upande mmoja tu, kwa hiari. Ingekuwa sheria, mpaka leo tungekuwa tunapapasa gizani tukigeuza kichwa cha waya. Lightning iliingia upande wowote miaka miwili kabla Type-C haijatangazwa. Apple huyo huyo mnayemsema ndiye aliyewatangulia.

Fundi redio: Mimi nafunga redio za magari. Toyota ana plagi zake, ya pini 10 na ya pini 6, wala si za ISO (kiwango cha kimataifa), na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Zimekaa hivyo miaka nenda rudi, waya wa kuunganishia unaupata popote. Juzi kaletwa gari lenye plagi ya ajabu ajabu, kampuni siitaji. Fundi aliyenitangulia kaikata yote, kaviringisha tepu nyeusi, tena kabadilisha nyaya za njano na nyekundu: ile ya betri moja kwa moja kaiweka kwenye swichi. Mwenye gari akizima tu, redio inasahau stesheni zote. Miezi sita anatafuta stesheni kila asubuhi, masikini! Kwangu mimi tundu liwe la nani si hoja, mradi wasilibadilishe kila baada ya siku mbili.

Mleta mada: Fundi, hapo tuko pamoja, ila kampuni ikiachiwa itabadilisha siku inayotaka yenyewe. Na kuhusu micro-USB, sheria hii imeipa Tume uwezo wa kubadili kiwango teknolojia ikisogea. Hatujafungiwa humo milele.

Mchangiaji wa pili: Mnabishania tundu, waya je? Nina Type-C mbili kama mapacha. Moja inachaji tu, haipitishi data, ukiichomeka kwenye gari Android Auto (programu ya kuonyesha simu kwenye skrini ya gari) haifunguki. Nimeifunga uzi mwekundu nisiichanganye. Hiyo sheria ingeanza kwa kulazimisha waya uandikwe kazi yake.