Naomba ushauri: nichuje vipi habari za Audrey Hepburn?

Wakuu, naandaa kipindi cha redio cha dakika 10 kuhusu Audrey Hepburn, yule mwigizaji aliyetwaa Oscar mwaka 1954.

Upande wa misaada sina shida. Mwaka 1988 UNICEF ilimpeleka Ethiopia, Septemba 1992 akaenda Somalia wakati wa njaa, na Januari 1993 akafariki kwa saratani. Picha na taarifa za safari hizo zipo.

Kinachonitoa jasho ni maisha yake binafsi. Nilikuwa nifungue kipindi na lile shairi la siri za urembo linalosambazwa kwa jina lake. Kuchimba kidogo, kumbe ni la Sam Levenson, Mmarekani! Audrey alilipenda tu. Tangu hapo kila kitu nakitilia shaka. Wengine wanamtaja Robert Wolders kuwa mume wake, wakati waume zake ni wawili tu, Mel Ferrer na Andrea Dotti. Wolders aliishi naye bila ndoa.

Gumu zaidi ni utoto wake Uholanzi chini ya Wajerumani. Wapo wanaomfanya karibu jasusi. Halafu kuna mama yake, aliyewahi kuandika kuwasifu mafashisti miaka ya 1930.

Kitabu cha mwanawe Sean nakipa uzito gani, ikiwa mtoto humsifu mamaye? Na hilo la mama mtu, mngelisema hewani au mngeliacha? Narekodi Ijumaa.