Kuvuta kebo za mtandao bila kusokotana: tupeane uzoefu

Ngazi Ndefu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina kazi ya kebo 24 za mtandao aina ya Cat6, zinapita darini kisha zinashuka hadi chumba cha swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao. Siku ya kwanza nilipanga kuvuta 12 kwa mkupuo mmoja. Hadi giza linaingia tulikuwa na sita, muda wote mwingine tulikuwa tunafumua mafundo. Maboksi hayakutosha, kwa hiyo nilichanganya na vipande vya kazi ya nyuma nilivyokuwa nimevikunja mviringo. Hivyo vya mviringo ndivyo vilivyoniua: kinainuka kitanzi kimoja, kinamkamata jirani yake, wanapanda wote darini wameshikana. Mwenye kisa chake akimwage hapa. Vitabu nimesoma, nataka yaliyowakuta.

Mzee wa Konduti:
Kijana, fundo lilianzia sakafuni, darini ndiko ulikolikuta tu. Kebo ya mviringo au ya roli ukiivua kwa ubavu, roli lenyewe halizunguki, kila mzunguko unaotoka unaiachia kebo msokoto mmoja kamili. Mizunguko 50, misokoto 50. Inangoja mahali kebo ilegee kidogo, hapo inajikunja.

Mimi nilijifunza kwa roli nililolilaza chali kwa uvivu. Nilikuwa juu ya ngazi navuta, naona mbona kebo inanizunguka mkononi kama nyoka? Niliposhuka nikakuta kitanzi kimekazwa hadi ganda limepauka pale kwenye mkunjo. Siku hizi roli langu linapitishwa bomba la chuma katikati, bomba linalala juu ya ngazi mbili, roli linazunguka lenyewe.

Boksi ni habari nyingine. Mengi ya mita 305 kebo yake imepangwa ndani kwa umbo la namba nane (8), msokoto wa upande mmoja unafutwa na wa upande wa pili. Ndiyo maana inatoka tunduni imenyooka. Msaidizi wangu aliwahi kulichana boksi eti aone imebaki kiasi gani. Namba za urefu zimechapwa juu ya ganda la kebo, mwanangu! Kebo ikamwagika, tukapoteza mchana mzima.

Kipanya cha Dari:
Hiyo nane unaweza kuipanga mwenyewe. Tulikuwa na njia yenye kona nyingi, haivutiki kwa mara moja, ikabidi tuanzie katikati. Tulivuta upande wa kwanza, kisha kebo yote ya upande wa pili tukaitoa na kuilaza sakafuni kwa nane kubwa, kama hatua mbili kwa urefu. Mtego upo mwishoni: ncha unayoitaka imebaki chini kabisa ya rundo. Ukiichomoa kutoka chini umejimaliza. Watu wawili wanalishika rundo huku na huku, wanaligeuza kama chapati, ncha inakuja juu. Mara ya kwanza sikuligeuza. Sitaki kuikumbuka.

Dada Swichi:
Nyie mnaongelea sakafu tu, ncha je? Nilikuwa nazifunga kebo nane zote zikilingana, nazungushia selotepu, napata kichwa kinene kama ngumi. Kinakwama kila kona, ukirudisha nyuma kidogo kilegee, kebo zinajikunja nyuma yake. Sasa nazipanga kama ngazi, kila moja nyuma ya mwenzake kwa upana wa kiganja, kichwa kinakuwa chembamba kama mkia wa panya. Na kwenye mdomo wa bomba naweka kipande cha ubao chenye matundu, kila kebo na tundu lake. Zikitoka maboksini haziwezi kupishana.

Halafu mweke mtu makini upande wa kulisha kebo bombani. Wangu alikuwa kwenye simu.

Mgeni Kazini:
Samahani wakubwa, ikikwama si unakaza tu inapita?

Mzee wa Konduti:
Ndiyo hasara zinapoanzia. Kebo kama hizi, zenye jozi nne za nyaya ndani, kikomo chake cha kuvutwa ni nguvu ya nyutoni 110, sawa na kunyanyua mzigo wa kilo 11 hivi. Ukining'inia kwa uzito wako umeshapita zamani.

Dada Swichi:
@Mgeni, mimi nilikaza. Ikapita, taa ya swichi ikawaka, nikaondoka kifua mbele. Wiki ile ile naitwa: mashine moja inapata kasi ya megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000. Jozi moja ilikuwa imekatika ndani kwenye mkunjo, ganda la nje zima. Tukavuta kebo mpya peke yake kati ya zile zilizojaa bombani, kazi mbaya kuliko zote.

Bomba Jembamba:
Nyongeza fupi. Uzi wa akiba unaouacha bombani wa kuvutia kebo za baadaye nao hujiviringisha kwenye kebo zilizopo. Niliuvuta kwa kasi, ukakwangua ganda la kebo ya zamani kama msumeno. Taratibu, na kila ukivuta kebo, vuta na uzi mpya.

Ngazi Ndefu:
Nimerudi. Vile vya mviringo nimevipanga nane na kuvigeuza alivyosema Kipanya, ubao wa Dada Swichi nimeutoboa matundu 12. Mkupuo wa kwanza umepita bila fundo. Ila kebo namba 7 na 9 sikuziandika ncha ya upande wa pili, sasa sijui ipi ni ipi. Mwenye kisa cha hilo?

Kipanya cha Dari:
Hilo lifungulie uzi wake, tutakesha.