Kisu cha shamba kutokana na springi ya gari: moto, mafuta na mpini

mkulima_machame
Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza kisu cha kazi zote: kukata mikungu ya ndizi, kuchuna mbuzi, kuchonga vigingi, hata kupasua kuni ndogo. Bapa sentimita 12, msuka (ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini) ufike hadi mwisho wa mpini. Nina jani la springi ya pikapu kutoka kwa wauza vyuma chakavu wa Unga Limited, Arusha, unene mm 7. Vifaa: grenda, tupa, mkaa na feni ya kupuliza. Visu vingi vya springi ninavyoviona sokoni ama makali yanajikunja, ama ncha inakatika. Tatizo ni nini? Mpini nafikiria mgrivea, upo mwingi shambani.

fundi_pasua
Mkuu, yote mawili yanatokana na moto. Makali yanajikunja kwa sababu chuma hakikuiva kabla ya kuingia kwenye mafuta, au kiliiva vizuri halafu fundi akakiunguza kwa grenda wakati wa kunoa. Ncha inakatika kwa sababu kisu kilitolewa kwenye mafuta kikauzwa hivyo hivyo.

Kwanza kagua springi. Iliyochoka huwa na nyufa usizoziona, hasa karibu na tundu la katikati. Safisha kwa msasa, paka mafuta ya taa, futa, kisha paka chaki: ufa utajichora wenyewe. Kata kipande mbali na hapo.

Kilainishe: pasha hadi kiwe chekundu, kifukie kwenye majivu makavu usiku kucha. Majivu ya pumba za mpunga kutoka Mabogini hayana mpinzani, yanashika joto sana. Asubuhi tupa itakula bila shida. Punguza mgongo hadi mm 4, na toboa matundu ya pini sasa hivi, maana baadaye biti haitaingia. Makali yaache na unene wa mm 1. Ukiyafanya membamba zaidi yatapinda au kupasuka kwenye mafuta.

Sasa moto wenyewe. Fanya kazi hii kivulini au jioni, juani rangi ya chuma inadanganya. Pasha polepole, ukigusisha sumaku mara kwa mara. Inaacha kushika karibu nyuzi 770, lakini chuma cha springi kinataka zaidi, kama 830. Kwa hiyo sumaku ikishakataa, endelea hadi wekundu uanze kuelekea rangi ya chungwa, kwa usawa toka ncha hadi mwanzo wa msuka. Ncha ni nyembamba, inawahi kuungua, kwa hiyo ipitishe tu kwenye moto. Cheche zikianza kuruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kipande hicho kimekufa.

Tumbukiza wima, ncha mbele, kwenye lita 4 za mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Sogeza juu na chini, usiyumbishe kushoto na kulia, kitapinda. Maji usiguse kabisa, springi hupasuka. Tupa ikiteleza juu ya makali bila kung'ata, umefaulu.

Saa hiyo hiyo kiingize kwenye oveni, nyuzi 200, saa 2. Kiache kipoe, rudia tena. Hapo ndipo ncha inapopata uvumilivu.

mti_mkavu
Mgrivea hapana, ndugu yangu. Ni laini, utabonyea kwenye pini na mpini utaanza kucheza. Tafuta mninga, loliondo, au shina la mkahawa mzee lililokauka vizuri. Mpingo ni bora kuliko yote ila una mafuta yake ya asili: futa kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi, la sivyo utabanduka. Vumbi lake linasumbua kifua, vaa barakoa.

Kwaruza msuka kwa msasa namba 60, tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, na pini 3. Usikaze klempu mno, utaikamua gundi yote itoke.

mkulima_machame
Asanteni sana. Oveni sina. Na oili chafu ya injini haifai?

fundi_pasua
Oili chafu inafanya chuma kiwe kigumu, ila moshi wake ni sumu na inashika moto kirahisi. Alizeti inatosha. Vyovyote vile, andaa mfuniko wa bati wa kufunika chombo mafuta yakiwaka, na usimwagie maji.

Bila oveni: weka mchanga mkavu kwenye sufuria nzito juu ya mkaa, ng'arisha ubavu mmoja wa kisu, kisimamishe kwenye mchanga, mgongo ukiwa umezama na makali juu. Rangi ya majani makavu ikienea kwenye bapa, toa. Ukiona bluu kwenye makali umepitiliza, kitakuwa laini, rudia moto na mafuta upya. Kabla ya yote, jaribu moto wako kwa kipande chakavu cha springi hiyo hiyo: kitoe kwenye mafuta, kibane kwenye jiriwa, kipige nyundo kikatike. Ndani kikiwa na chembe kubwa zinazometa kama sukari, ulizidisha moto. Kikiwa cha kijivu chenye chembe ndogo ndogo, endelea na kisu.

mti_mkavu
Kunoa nyuzi 20 kila upande, chovya kwenye maji kila ukipitisha grenda. Na utomvu wa mgomba unakula chuma hiki: futa kisu, paka mafuta kidogo, na usikilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu.