Mrejesho: geji ya mafuta ya boti imetulia

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini geji niliyoiunda kwa Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu) inarukaruka boti ikiwa majini, mara nusu tangi, mara tupu.

Aliyeniambia nianze na waya hasi, Mungu akubariki. Nilifungua nati nikakuta kutu ya kijani, na waya huo huo ulikuwa unatumiwa na pampu ya kutoa maji. Pampu ikiwaka, geji inashuka! Nimeupeleka peke yake hadi kwenye betri, na kuweka fyuzi ya ampea 1.

Boya langu, yaani kile kinachoelea ndani ya tangi na kubadilisha ukinzani wa umeme kadiri mafuta yanavyopanda au kushuka, ni lile la omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, na rizista niliyounganisha nalo ni ya omu 100 kwenye volti 5. Kwa hiyo tupu inasoma kama volti 3.5, na kujaa 1.2. Katikati hapaendi sawasawa, maana tangi lenyewe ni jembamba chini. Ndiyo maana nikamimina petroli lita 5 kwa 5, nje penye upepo, simu na sigara mbali, nikiandika kila kipimo.

Mawimbi je? Programu sasa inachukua wastani wa sekunde 30. Jumapili nimetoka Kunduchi, Dar es Salaam, hadi kisiwa cha Mbudya na kurudi, mshale haukutikisika. Hata hivyo dumu la akiba la lita 10 bado nalibeba, na nitaendelea kulibeba.

Asanteni sana.