Mafuta ya kitani: wauzaji wa Kampala, semeni mnachotupimia!

Wadau, hili limezidi. Unaingia dukani Ndeeba au Katwe, unaomba mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya mbegu za kitani tunayopaka mbao, unamiminiwa kutoka kwenye jerikani hadi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Lebo hakuna. Wiki tatu baadaye meza ya mteja bado inanata, vumbi limegandia juu, mikono ya watoto imeacha alama, na lawama zote anabeba seremala.

Mabichi na yaliyochemshwa si kitu kimoja! Mafuta haya hayakauki kama maji. Yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu. Mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa, na wakati wa mvua ndiyo kabisa. Hayo yanayoitwa yaliyochemshwa siku hizi mara nyingi hayajaona moto. Yametiwa dawa ya kukausha, kama kobalti au manganizi, ndiyo maana hukauka kwa siku moja hadi tatu. Na anayeongezea mafuta ya mawese ni mwizi tu. Mawese hayakauki, ungoje hata mwaka.

Kabla ya kugusa kazi, paka tone moja kwenye kipande cha kioo, lisambaze kwa kidole liwe jembamba, weka penye hewa na mwanga. Ukiuziwa yaliyochemshwa na siku ya nne bado yanateleza, rudisha, udai pesa yako.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya muuzaji. Mnapaka mazito mno! Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, ni mafuta sehemu moja, tapentaini (kimiminika cha kuyapunguza uzito) sehemu moja. Subiri dakika 15 hadi 20, halafu futa yote yaliyobaki juu mpaka mbao isiache mafuta kidoleni. Usipofuta, juu hushika ngozi, chini hubaki majimaji, na uso unakunjamana. Mkono wa pili ni baada ya wa kwanza kukauka, si jioni ileile. Mvule una utomvu wake unaochelewesha mafuta kukauka, kwa hiyo ufute kwanza kwa thina na upake kidogo zaidi. Kwa wanaotengeneza rangi ya oksidi nyekundu kwa mafuta haya, tapentaini nyingi iwe mkono wa chini na mafuta mengi mkono wa juu. Ukigeuza, rangi inapasuka.

Linaloudhi kuliko yote ni matambara. Hakuna anayeonya! Tambara lililolowa mafuta, likikunjwa na kutupwa konani penye unga wa mbao, linapata joto lenyewe, joto linakosa pa kutokea, na karakana inawaka bila kiberiti. Lianike nje limetandazwa, lisigusane na jingine, litupe likishakuwa gumu. Au litumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ufunike.

Wenye maduka mnaosoma uzi huu, andikeni kwenye chupa: mabichi au yenye dawa, na onyo la moto. Kalamu ya wino mnayo kaunta.